Yuko Zamu au Yuko Fungate?

Imekuwa ada katika mabaraza yetu, na hata katika maandishi ya watu wenye elimu ambao ningalitaraji kwao nadhari zaidi, kuzitaja filamu za mahaba ya mwanajeshi na muuguzi kwa taadhima ya pekee, kana kwamba ni utanzu uliotakaswa na maudhui yake: filamu nyingine za mapenzi, husemwa, ni upuuzi wa vijana, lakini hizi ni za heshima, kwa kuwa zamtukuza mwanamke aliyeacha raha za kwao akenda kuosha vidonda vya watu asiowajua, na fauka ya hayo zailaani vita kwa kuonyesha jinsi inavyowatenga wapendanao. Dhana hiyo nimeisikia mara nyingi, nami kwa miaka mingi niliikubali bila kuihoji, kama mtu aivaavyo kanzu aliyoshonewa na babake ingawa yambana makwapani. Leo naikataa, pande zake zote mbili.

Aliyenizindua ni shangazi yangu, mwanamke aliyefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo katika zamu ya usiku. Ilikuwa jioni ya Idi pili, watu wameshakula, watoto wamelala ovyo juu ya mikeka, na katika televisheni yaonyeshwa filamu ya Richard Attenborough ya 1996, In Love and War, ambamo Sandra Bullock ni muuguzi na Chris O'Donnell ni kijana majeruhi. Nuru yaingia dirishani kama imechujwa kwa hariri. Shuka ni nyeupe kuliko kitambaa cha bi harusi. Muuguzi yu karibu na mgonjwa kuliko haja ya dawa, na binamu yangu mmoja amekwisha kupeleka ncha ya leso machoni. Shangazi alikuwa akimenya chungwa. Akatazama, akamenya, akatazama tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu atakaye kujua kweli, "Mwanangu, huyu yuko zamu au yuko fungate?"

Tukacheka sote. Yeye hakucheka. Alisema kuwa katika siku zake sista wa wodi akikukuta umekaa kitandani kwa mgonjwa, juu ya shuka uliyoitandika mwenyewe, utajuta. Kisha akauliza wodi ile ina vitanda vingapi, na wale wengine nani anayewaangalia. Akatema kokwa kiganjani, akaziweka katika kisahani, wala hakusema tena neno hadi filamu ilipokwisha. Tangu usiku ule siwezi kuitazama filamu ya namna hii bila kuhesabu vitanda.

Na nianze na iliyo mama yao wote, maana aghalabu hii ndiyo itajwayo na wenye dhana ninayoipinga. Riwaya ya Ernest Hemingway, A Farewell to Arms, ilitoka 1929, na miaka mitatu baadaye kampuni ya Paramount ikaifanya filamu chini ya uongozi wa Frank Borzage, Gary Cooper akiwa luteni Mmarekani katika huduma ya magari ya majeruhi ya jeshi la Italia, na Helen Hayes akiwa Catherine Barkley, muuguzi Mwingereza. Filamu ile ni kazi ya mafundi, sikatai. Upigaji picha wake ulipata tuzo ya Oscar. Katikati yake pana sehemu ambayo wanafunzi wa sinema hufundishwa mpaka leo. Luteni amejeruhiwa, aletwa Milan juu ya machela, na kamera, badala ya kumtazama, yalala mahali pake: twaona dari zikipita juu yetu, kuba na matao, nyuso za watu zikiinama kutuchungulia na kuondoka, sauti zikitoka kando tusipoweza kugeuza shingo. Kisha twalazwa. Mlango wafunguliwa, Catherine aja mbio, uso wake wakua, wakua, hadi jicho lake moja laijaza skrini nzima, na hapo tuko busuni.

Ni ustadi mkubwa, na ndani ya ustadi huo ndimo ulimo msiba wa utanzu mzima. Kamera imelazwa kitandani, na tangu siku hiyo haijaamka. Muuguzi aonekana jinsi aonekanavyo kutoka juu ya mto wa kulalia: ni uso uinamao, mkono wa baridi juu ya paji la homa, harufu ya sabuni, sauti laini baina ya usingizi na macho. Majeruhi hana kosa kumwona hivyo. Mtu aliyevunjika miguu, aliye mbali na mamake, akiteremshiwa uso wa huruma usiku wa manane, ana haki ya kudhani kuwa uso ule umeumbwa kwa ajili yake peke yake. Hiyo ni sehemu ya ugonjwa, na muuguzi yeyote mzoefu aijua na huipokea kwa staha kama apokeavyo payo la homa. Kosa ni la sinema, iliyolichukua payo lile ikalifanya ndiyo khabari yenyewe, isitake kamwe kuinuka na kumfuata yule mwanamke atokapo mlangoni. Kwani yeye, akishatoka, huenda wapi?

Huenda kitanda cha pili. Katika vita vile vya 1914 hadi 1918 hapakuwa na penisilini wala dawa yoyote ya jamaa yake, na kidonda kilichoingiwa na udongo wa handaki kilioza kwa siku mbili tatu. Njia iliyookoa viungo vya maelfu ya watu ni ile ya Alexis Carrel, mpasuaji Mfaransa, na Henry Dakin, mkemia Mwingereza: mipira myembamba hupenyezwa mpaka kilindi cha kidonda, na maji yenye klorini hupitishwa humo kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, siku baada ya siku, hadi nyama iwe nyekundu na safi. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe. Wodi ya watu ishirini, kila mmoja na kidonda kimoja au vitatu, kila kidonda na mipira yake, na maji hayo makali yakizidi kipimo huchoma ngozi, yakipungua hayaui kitu. Shuka zilizolowa hubadilishwa, vyombo vya haja humwagwa, vipimajoto husomwa na kuandikwa, mtu wa kitanda cha sita hutapika, wa kitanda cha tisa amekufa nusu saa iliyopita na hapana budi kumfunika kabla jirani yake hajaamka. Saa mbili zimekwisha. Anza tena kitanda cha kwanza. Huo ndio uuguzi wa vita, na katika filamu ya Borzage, na katika ile iliyorudiwa 1957 na David O. Selznick kwa Rock Hudson na Jennifer Jones, ambayo yachukua zaidi ya saa mbili na nusu, mimi sikuiona saa moja ya kazi hiyo. Mtu atukuzwaje kwa kufichiwa kazi yake? Mwashi husifiwa kwa ukuta, nahodha kwa safari; muuguzi peke yake husifiwa kwa macho.

Watanijibu kuwa hayo ni riwaya, na kwamba nyuma ya riwaya palikuwa na mapenzi ya kweli. Vyema, na tuyatazame hayo ya kweli, kwani hakuna ushahidi uniteteao zaidi. Agnes von Kurowsky, ambaye Catherine alichongwa kwa mfano wake, alizaliwa Januari 1892. Alifanya kazi ya maktaba huko Washington kabla ya kusomea uuguzi katika Hospitali ya Bellevue, New York, akahitimu 1917, akaenda Italia na Msalaba Mwekundu wa Marekani. Hemingway alijeruhiwa tarehe 8 Julai 1918 huko Fossalta di Piave, siku chache kabla ya kutimiza miaka kumi na tisa. Vipande vya chuma zaidi ya 200 vilimwingia miguuni. Wala hakuwa askari. Alikuwa mtu wa Msalaba Mwekundu, dereva wa magari ya wagonjwa, na siku ile kazi yake ilikuwa kuwapelekea askari wa Kitaliano chokoleti na sigara. (Silitaji hili kumdhihaki, kubeba chokoleti mahali panapoanguka makombora kwataka moyo. Nalitaja kwa sababu hata nusu ya kwanza ya jina la utanzu huu, yaani huyo "mwanajeshi", katika asili yake ilihitaji kushonewa sare na mtunzi.)

Hospitali ya Milan alikopelekwa ilikuwa mpya, na katika siku zile za mwanzo wauguzi walikuwa wengi kuliko wagonjwa. Hapo ndipo mapenzi yalipoota: katika nyumba tulivu, yenye nafasi, mbali na mizinga. Lile tanuri la vita ambalo filamu hutuambia kuwa ndilo liyeyushalo mioyo miwili kuwa mmoja, halikuwapo; palikuwa na faragha tu, na majira ya joto, na mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyependa kufanya zamu za usiku. Vita na ugonjwa vilipomwita kweli, aliitika. Katika Oktoba alikwenda Florence, kisha Treviso, kuuguza wagonjwa wa ile homa ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ikaua watu wengi kuliko risasi, na kijana akabaki Milan na mkongojo wake akiandika barua. Hemingway aliondoka Italia Januari 1919 akiamini kuwa watafunga ndoa Marekani. Tarehe 7 Machi, Agnes, akiwa bado kazini katika mji mdogo wa Torre di Mosta, alimwandikia kumwambia kuwa haitakuwa: kwamba yeye ni mkubwa kwake, kwamba mapenzi yake kwake yamefanana zaidi na ya mama, na kwamba ataraji kuolewa na mwingine. Huyo mwingine, afisa wa Kitaliano, hakumwoa. Yeye akaendelea na uuguzi; akaenda Rumania, akaenda Haiti; akaolewa mara mbili katika maisha yake; akafa 1984 akiwa na umri wa miaka tisini na miwili, na hadi uzeeni alikataa kabisa kuwa mapenzi yale yalipita mpaka wa adabu.

Sasa msomaji na atazame walivyomtenda. Mwanamke huyu alisema "hapana". Ni neno fupi, na ndilo tendo kubwa kuliko yote katika kadhia nzima, kwa sababu lasemwa na mtu mwenye kazi, mwenye miaka, mwenye kuijua tofauti baina ya huruma ya kitandani na unyumba wa maisha. Katika riwaya "hapana" ile imegeuzwa kuwa "naam", tena naam isiyo na mpaka, Catherine akiyeyuka ndani ya bwana wake hadi haijulikani ana matakwa gani ya nafsi yake. Na kisha, kana kwamba naam haikutosha kumlipia aliyemwacha, auawa kwa uzazi huko Uswisi pamoja na mtoto. Filamu ile ya 1996 tuliyoitazama usiku wa Idi, In Love and War, ambayo yadai kueleza kisa hiki cha kweli na imejengwa juu ya kitabu kilichotoa shajara yake na barua zake, ilikuwa na nafasi ya kumrudishia haki yake. Ikafanya nini? Ikamtungia safari: Agnes aenda Marekani, amfuata kijana penye nyumba ya ziwani, amwambia kuwa ampenda, na kijana, kwa kiburi cha aliyeumizwa, ndiye amkataaye. Safari hiyo haikuwako. Watu wale wawili hawakuonana tena baada ya Italia. Miaka sabini na saba baada ya barua ile sinema ilikuwa bado haijaweza kuvumilia kuwa muuguzi ndiye aliyefunga mlango, ikamrudisha kwa nguvu aje abishe hodi.

Hapa huja hoja ya uhuru wa sanaa, na mara nyingi huletwa na rafiki zangu washairi: mtunzi hafungwi na daftari la hospitali, huchukua tukio, akalipinda apendavyo. Mimi ni mtu wa pwani, nimelelewa kwa hadithi za Abunuwasi na majini ya mtende, wala sijapata kumdai msimulizi cheti. Uongo wa mtunzi haunisumbui. Linalonisumbua ni kuwa uongo huu, katika mikono ya watunzi mbalimbali, katika miongo mbalimbali, walalia daima upande mmoja. Kama sanaa ilikuwa huru, mbona haikupata hata mara moja kujisahau ikampa muuguzi zaidi ya alichokuwa nacho? Mbona kila itiapo mkono hupunguza: yampunguzia miaka, yampunguzia kazi, yampunguzia ukaidi, na mwisho yampunguzia uhai? Mizani ipoteapo kipimo mara kwa upande wa mnunuzi, mara kwa upande wa muuzaji, twasema ni mbovu. Ikipotea daima kwa upande wa muuzaji, twamwita mwenye duka.

Na vita je, zailaani? Turudi kwa Borzage, mwisho wa filamu. Catherine amekufa, wakati huohuo vita vimekwisha, kengele zalia mjini, Gary Cooper, mtu mrefu kama mlingoti, ainua ile maiti ndogo kitandani, shuka ikiburura nyuma kama mkia wa vazi la arusi, aielekeza dirishani kwenye nuru, na muziki wa Wagner wapanda. Nani atokaye ukumbini hapo akiichukia vita? Atoka akiwa na simanzi tamu, simanzi ya kutamaniwa. Catherine hata hakuuawa na vita; aliuawa na uzazi, mauti ambayo katika mwaka wowote wa amani yangaliweza kumfika mke wa karani. Lakini kwa kuwa kengele zalia na shuka yaburura, mauti yale yapata adhama ya jeneza la shahidi, na vita, iliyowakutanisha, iliyowapa siri na haraka na machozi ya kituo cha reli, yasimama pembeni kama mshenga aliyemaliza kazi yake akisubiri kilemba. Na kwamba hata waliotengeneza hawakuyaona mauti yale kuwa hukumu juu ya vita, ushahidi ni huu: Paramount ilipiga na mwisho mwingine, ambamo Catherine hafi, ili wenye majumba ya sinema wachague kwa kadiri ya wateja wao. Laana ya vita iliyo na toleo la furaha kwa atakaye!

Mfano mwingine wauma zaidi. Mwaka 1943 kampuni hiyohiyo ilitoa So Proudly We Hail!, kisa cha wauguzi wa jeshi la Marekani huko Bataan na Corregidor, Ufilipino. Wenye dhana ya kawaida huniletea filamu hii wakidhani wamenimaliza, na kweli ina mengi ya kuitofautisha: wauguzi ni wengi, wavaa suruali, wachafuka, mabomu yaangukia wodi. Lakini tazameni usukani wake uko wapi. Claudette Colbert, kiongozi wao, aliyevuka yote hayo akiwa imara, apigwa bumbuwazi kwa kutojua khabari za mumewe askari. Alazwa juu ya meli, hasemi, haoni, na dawa itakayomrudisha ni barua ya yule mume isomwayo na daktari. Muuguzi amefanywa mgonjwa, na mapenzi yamefanywa tiba. Wakati watu wa Marekani wakitoa leso kwa ajili ya barua ile, wauguzi 77 wa jeshi la nchi kavu na la majini, ambao wengi wao ndio wale wenyewe waliokuwa wakifunga vidonda chini ya miti ya Bataan, katika hospitali isiyo na paa, walikuwa mahabusi wa Wajapani mjini Manila na karibu yake. Walikaa humo karibu miaka mitatu. Waliendesha hospitali ya kambi kwa zamu kama walivyozoea, njaa ikiwamaliza mwili, hadi Februari 1945 walipokombolewa, nao wote 77 walitoka hai. Naomba msomaji alipime hilo, kwa kuwa mimi sijui jambo kubwa kuliko hilo katika tarehe ya uuguzi wa vita. Halina busu hata moja.

Insafu yanitaka nitaje iliyo tofauti, na ipo. Katika The English Patient, ya 1996 vilevile, Hana, aliyechezwa na Juliette Binoche, akaa peke yake na mgonjwa mmoja aliyeungua mwili mzima katika nyumba iliyobomoka huko Italia. Twamwona akimlisha, akimsafisha, akivunja vichupa vya mofini, na mwisho twamwona akikabiliwa na ombi ambalo hakuna muuguzi atakaye kuombwa. Mapenzi yake na Kip, Kalasinga mtegua mabomu, hayamwondoi kazini hata siku moja. Usiku ule amwinuapo kwa kamba kanisani, taa ya fataki mkononi, ili aione michoro ya ukutani, ni wa mtu aliyechoka anayepewa dakika kumi za mapumziko na mtu mwingine aliyechoka. Hiyo naikubali. Ama Pearl Harbor ya 2001, yenye muuguzi mmoja na marubani wawili wagombanao kwa ajili yake, sitapoteza wino.

Nimebakiza neno moja, nalo latuhusu sisi. Wasomaji wa Kiswahili waliotazama filamu hizi, mjini Mombasa au Unguja au Dar es Salaam, wamezitazama kama mambo ya Wazungu, mapenzi ya mbali na vita vya mbali. Na watengenezaji wake walihakikisha yabaki hivyo, kwani kanuni ya maadili ya sinema ya Marekani ya 1930 ilikataza waziwazi kuonyesha mapenzi baina ya mweupe na mweusi. Askari wetu wa Keya aliyelazwa hakuwa na nafasi juu ya mto ule. Tena katika majeshi ya Afrika Mashariki aliyemshika kichwa mgonjwa wa Kiafrika alikuwa mara nyingi mwanamume mwenzake, dresa, mtu wa bandeji na ndoo, ambaye hakuna atakayempigia Wagner. Lakini vita haikuwa mbali, na wauguzi na wanajeshi walisafiri pamoja kutoka bandari yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini katika msafara wa meli tano kuelekea Colombo. Ndani yake mlikuwa na askari 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maafisa na watu wao; mabaharia wa Kiingereza; na wanawake zaidi ya themanini, miongoni mwao wauguzi 53 na matroni wao. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, baadhi ya abiria wamekusanyika kusikiliza muziki, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Nyambizi ilijificha chini ya maji, mahali palepale walipokuwa wakielea waliookoka, na manowari za Kiingereza, zikiwa na meli nyingine za msafara za kulinda, zilitupa mabomu ya kilindini katikati ya watu. Walikufa watu 1,297. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake sita.

Yumkini miongoni mwao, katika siku zile saba za bahari, palikuwa na waliotazamana. Binadamu ni binadamu. Sina haja ya kujua. Wapiga mizinga wale walikuwa wakienda Burma, na wauguzi wale walikuwa wakienda kuwauguza wao na mfano wao, nao walikufa kazini, wote kwa pamoja, katika dakika mbili zisizo na muziki wa kupanda wala dirisha la kuelekezwa. Filamu yao mimi sijaiona. Majina ya wapiga mizinga yamechorwa Nairobi, katika Makaburi ya Vita ya barabara ya Ngong, ambako mlango huwa wazi na mtu aweza kuingia akayasoma. Ya wauguzi yako Brookwood, Uingereza.